Apu za kulinda akaunti: nimezipima kwa swali moja, simu ikiporwa leo itakuwaje?

Wadau, watu wengi wamekuwa wananiuliza apu gani ya kulindia akaunti ni nzuri, nikaona niandike mara moja kuliko kumjibu kila mtu peke yake. Naongelea apu za aina mbili hapa. Kuna zile zinazokupa namba ya tarakimu sita unayoandika baada ya paswedi, ndo huo ulinzi wa hatua mbili, na inabadilika kila baada ya sekunde 30, kina Google Authenticator, Aegis, Ente Auth, alafu kuna zile zinazokutunzia paswedi zote sehemu moja, Bitwarden na wenzake. Ukisoma wanavyozichambua huko nje utakuta wanabishana rangi, mara ina muonekano wa giza, mara inaingia kwenye saa ya mkononi, sawa, mimi sina shida na hayo. Ila sisi wa Dar shida yetu inajulikana bana, umesimama Ubungo unachungulia simu usome meseji, bodaboda inapita na abiria wake nyuma, unabaki umeshika hewa. Kwa hiyo zote nimezipima hivi: nilichukua Tecno ya zamani ya shemeji, nikaiflashi ikabaki tupu, nikajifanya simu yangu imeibiwa jioni hiyo, alafu naangalia kama naweza kurudi kwenye akaunti zangu bila kugusa simu yangu ya sasa.

Kabla sijaenda mbali, maana najua kuna mtu atasema "mi natumiwa namba kwa meseji inatosha". Haitoshi, na wala sio lazima mwizi awe mtaalamu. Watu wanafikiria lazima mtu aende akarudishie laini yako kwa ujanja, na kweli tangu usajili wa alama za vidole, ule ambao laini zilianza kuzimwa Januari 20, 2020, hilo limekuwa gumu kidogo. Lakini mwizi wa simu anachomoa laini yako, anaiweka kwenye kitochi, basi. Simu yako hata kama ina loki ya alama ya kidole na sura na kila kitu, meseji zote za kuingilia sasa zinaenda kwenye kitochi chake, anabonyeza "nimesahau paswedi" anasubiri. Dawa yake ni kuweka PIN kwenye laini yenyewe, ipo kwenye mipangilio ya simu upande wa usalama, ila angalia, ukikosea mara tatu inadai PUK, ile namba ya kufungulia laini, na hapo inabidi uwapigie watu wa mtandao wako.

Na nyingine niiseme mapema ili mtu asije akanilaumu, hizi apu hazihusiani na M-Pesa, Mixx by Yas wala Airtel Money. Kule ulinzi wako ni ile PIN basi. Na wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hakuna apu itakayokuzuia usiwatumie, hiyo meseji yao ifowadi tu kwenda 15040 uendelee na maisha.

Haya, tuje kwenye apu za namba sita. Zinavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Ile QR, picha ya mraba unayoskani unapowasha ulinzi, ndani yake kuna ufunguo wa siri, unabaki kwenye simu yako na mwingine unaofanana nao unabaki kwa wenye huduma, kama Facebook, alafu pande zote mbili zinachanganya ule ufunguo na saa ya muda huo, zinapata namba ileile. Ndo maana haihitaji bando, hata ukiwa umezima data kabisa inatoa namba. Utaratibu huu uliandikwa rasmi mwaka 2011 na uko wazi kwa wote, kwa hiyo Facebook au Instagram wakikuambia tumia Google Authenticator sio lazima iwe hiyo, yoyote kati ya hizi inakubali. Ila sasa, kwa sababu inategemea saa, wale ndugu zangu mnaoweka saa ya simu mbele dakika tano ili msichelewe mwendokasi, namba zenu zitakataliwa mpaka mchoke. Rudisha saa ijiweke yenyewe.

Google Authenticator ndo inayojulikana, ipo toka 2010, na kwa miaka mingi ilikuwa mbovu kwenye hilo swali langu, simu ikienda na namba zimeenda. Aprili 2023 ndo wakaweka kuhifadhi kwenye akaunti ya Google. Kwenye Tecno ya shemeji nikaingia na imeili yangu, nikaifungua, namba zote zikashuka zenyewe ndani ya muda mfupi, vizuri sana. Lakini subiri kwanza. Ili niingie kwenye hiyo imeili, Google wanataka nithibitishe kuwa ni mimi, na nilikuwa nimechagua nithibitishe kwa namba za Google Authenticator, ambazo ziko ndani ya akaunti ninayotaka kuingia. Ni kama kufunga nyumba alafu ufunguo umeuacha mezani ndani. Hili tatizo utalikuta kwenye karibu kila apu na hakuna anayekuambia wakati unaiweka, wanakupongeza tu kwamba akaunti yako sasa ni salama.

Kinachokutoa hapo ni namba za akiba. Google wanakupa kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu, Facebook nao wanazo, Instagram wanazo. Zitoe siku hiyohiyo unayowasha ulinzi, usiseme kesho. Na tafadhali sana, usiende kuziprinti steshenari! Unajua ilivyo, unamtumia kijana faili kwa WhatsApp, analifungua kwenye kompyuta ya pale, anaprinti kwa mia mbili, unaondoka na karatasi yako, faili limebaki pale kwenye kompyuta pamoja na vyeti vya watu na barua za maombi ya kazi za mwaka juzi. Chukua peni uandike kwa mkono. Mimi nilimwandikisha dada yangu, ana duka la nguo Kariakoo na biashara yake karibu yote inapitia Instagram, akaandika nyuma ya kopi ya leseni ya biashara, akaniuliza "sasa mdogo wangu, hii karatasi nikiipoteza je?" Nikamwambia dada, leseni ya biashara ushawahi kuipoteza? Akacheka, akaiweka kwenye lile faili lake la TRA.

Authy watu wanaisifia sana kwa sababu ilikuwa na bakapu mapema. Mimi siipendekezi tena. Akaunti yake imefungwa kwenye namba ya simu, yaani tumekimbia laini alafu tunarudi kwenye laini. Huwezi kuzitoa namba zako ukahamia apu nyingine, ukitaka kuhama unaanza upya akaunti moja moja. Machi 2024 wakaua ile ya kompyuta, na katikati ya mwaka huohuo wenye nayo, Twilio, wakakiri kwamba watu walifanikiwa kuchota namba za simu za wateja. Paswedi hazikutoka, ila mtu akijua namba yako na akajua unatumia Authy ana pa kuanzia kukutapeli.

Microsoft Authenticator nzuri kwa akaunti ya ofisini kama mwajiri amekulazimisha, zaidi ya hapo hapana. Walikuwa na sehemu ya kutunza paswedi humohumo wakaifunga Agosti 2025.

Aegis ndo ninayoitumia mwenyewe. Ni ya Android tu, ya bure, hakuna matangazo, nyepesi hata kwenye simu yenye nafasi finyu. Ukiifungua mara ya kwanza unaweka paswedi, kila kitu kinafungwa kwa hiyo, alafu unaongeza alama ya kidole ili usichoke. Inazuia hata kupiga skrinshoti. Ninachoipendea ni kwamba inakupa faili la bakapu ambalo limefungwa, unalipeleka unakotaka. Na hapohapo ndo ubaya wake ulipo, maana usipolipeleka popote bakapu inakaa kwenye simu hiyohiyo, na mwizi akichukua simu kachukua na bakapu. Inabidi ulikopi kwenye flashi au laptopu, na kila ukiongeza akaunti mpya ukumbuke kukopi tena. Kwenye jaribio langu ilirudi safi kwa sababu nilikuwa na flashi. Kwa mtu asiyependa mambo ya mafaili hii sio yake.

Kwa dada nikaweka Ente Auth. Inaingia Android, iPhone na kompyuta, bure, na inajihifadhi mtandaoni yenyewe huku vitu vikiwa vimefungwa kabla havijatoka kwenye simu, hata wenye seva hawavisomi. Unaipa imeili na paswedi, wao wanakupa maneno 24 ya akiba, ukisahau paswedi maneno hayo ndo yanakurudisha. Nayo yakaandikwa kwenye lile faili la TRA. Kilichonifanya niichague ni kwamba dada ana simu mbili, ya kwake na ya dukani, namba zinaonekana kote, kwa hiyo ya dukani ikiibiwa anaendelea na ya kwake kama hakuna kilichotokea. Kasoro niliyoiona ni kwamba kwenye simu mpya inaweza kutuma namba ya kuthibitisha kwenye imeili, sasa imeili nayo ikiwa imefungwa kwa namba zilizoko Ente unaona tena tunakorudi. Namba za akiba za imeili ziwe nje, sirudii.

Kwenye biashara kuna kitu watu hawakijui. Msichana wa dukani akiacha kazi, na alikuwa na namba kwenye simu yake, kubadilisha paswedi peke yake haitoshi, maana ule ufunguo wa kwenye QR bado anao na utaendelea kutoa namba miaka yote. Lazima uzime ulinzi wa hatua mbili kwenye Instagram alafu uuwashe upya ili upate QR mpya. Kwa sababu hiyohiyo usimwachie fundi akuwekee. Jirani yake dada alilipa elfu kumi kwa kijana mmoja pale mtaani eti amwekee ulinzi, kijana akapiga picha ile QR kwa simu yake "kama kumbukumbu". Kumbukumbu gani sasa? Hiyo picha ndo ufunguo wenyewe. Tulikaa tukazima tukawasha upya, dakika chache tu.

Watu wa iPhone kuna apu ilikuwa inaitwa Raivo, ilipendwa sana, 2023 ikauzwa kwa kampuni nyingine, 2024 ikaja apdeti ikafuta namba za watu. Nasema hivi ili mjue hata apu nzuri inaweza kugeuka. Na mkienda Play Store au App Store kutafuta, angalieni jina la mtengenezaji, zimejaa zinazofanana nembo ambazo ukifungua tu zinadai ulipie kwa wiki. Hii kazi ni ya bure, usilipe.

Sasa paswedi. Najua wengi mna moja mnayotumia kila mahali, alafu mkilazimishwa mnaongeza namba moja mwishoni. Na humu mjini nusu ya watu ni Yanga1935 na nusu ni Simba1936, mtu akishajua timu yako kazi imekwisha. Shida ya paswedi moja ni kwamba katovuti kadogo ulikojiandikisha mara moja kupakua mitihani kakidukuliwa, wezi wanaichukua wanaijaribu kwenye imeili yako, kwenye Facebook, kila sehemu, na wanafanya hivyo kwa mashine.

Bitwarden ndo ninayoipendekeza kwa wengi. Ya bure yake inatosha kabisa, paswedi bila kikomo na simu au kompyuta zozote unazotaka, tofauti na LastPass ambao Machi 2021 waliwabana watu wa bure uchague simu au kompyuta, na 2022 wakaibiwa kabisa nakala za hifadhi za wateja wao. Zilikuwa zimefungwa, ila anwani za tovuti zilikuwa wazi, yaani mwizi anaona una akaunti wapi na wapi. Kwa mimi LastPass ilishaisha siku ile.

Bitwarden ni ya mwaka 2016, unakumbuka paswedi moja kubwa tu, zingine inazitunga na kuzijaza yenyewe. Hiyo kubwa ukiisahau wenyewe hawawezi kukusaidia, hawanayo, kwa hiyo itunge kwa maneno manne matano yasiyohusiana, kitu kama kikaango, tetere, lami, Bunda, na usitumie hiyo niliyoandika hapa. Methali usiweke, kila mtu anazijua. Kwenye Tecno ya shemeji ilirudi haraka kuliko zote, kwa sharti kwamba ile namba yao ya akiba uwe umeiandika pembeni, maana nayo ukiiwekea ulinzi wa namba sita inaleta lilelile tatizo la mduara.

Lakini kilichonifanya nimwambie dada asiiondoe ni jambo tofauti. Nimekaa dukani kwake jioni moja, mtaa umejaa mikokoteni na watu wanafunga mizigo ya mikoani, ikaingia meseji kwenye peji yake, imeandikwa kwa Kiingereza kizuri kabisa, eti amevunja haki miliki na peji itafungwa ndani ya saa 24 asipokata rufaa, na linki hapo chini. Dada akapauka, wafuasi wake amewatafuta miaka. Akabonyeza. Ukurasa uliofunguka ulikuwa Instagram kabisa, nembo, rangi, kila kitu. Akagusa sehemu ya paswedi akasubiri Bitwarden ijaze kama kawaida. Kimya. Akagusa tena, ikamwambia hakuna kitu kilichohifadhiwa kwa ukurasa huu. Akanigeukia, "hii apu yako imeharibika?" Nikamwambia hapana dada, soma pale juu. Anwani ilikuwa na jina la Instagram, kistari, alafu maneno mengine mbele yake. Macho ya binadamu yanadanganyika na rangi, apu inaangalia anwani tu, haijui hata nembo ikoje. Na hapa ndo namba sita peke yake zisingemwokoa, maana ukurasa ule ungemwomba na namba, angeandika, na jamaa angeitumia kabla sekunde 30 hazijaisha.

Mabaya yake, kwenye baadhi ya apu za simu haijitokezi kujaza, unafungua mwenyewe unakopi, inachosha. Muonekano wake pia sio wa kuvutia. Ya kulipia ilikuwa dola 10 kwa mwaka kwa muda mrefu, angalia bei ya sasa mwenyewe, ila kwa mtu wa kawaida sioni unachokosa kwenye ya bure.

1Password nimeijaribu, ni nzuri, labda nzuri kuliko zote kwa kuitumia, lakini hamna ya bure na kulipa dola kila mwezi kwa paswedi, wengine hapo ndo tunaagana. KeePass ni kwa wale wasioamini seva ya mtu, faili ni lako, unakaa nalo mwenyewe, kwenye Android unatumia KeePassDX. Shida ni ileile ya Aegis, usipolikopi sehemu nyingine umejimaliza.

Na ile ya kwenye Chrome? Kwa anayeanza ni bora mara kumi kuliko Simba1936, wala usimcheke anayeitumia. Ila ukiingia na akaunti yako kwenye kompyuta ya steshenari ukabonyeza "hifadhi", umemwachia anayekaa kiti baada yako. Na anayejua PIN ya simu yako anaziona zote, kwa hiyo wenye watoto na wapenzi wanaojua PIN, mnanielewa.

WhatsApp nimeiacha mwisho kwa sababu haitumii namba za apu hizi. Ina PIN yake ya tarakimu sita, nenda kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka na imeili ya kukurudisha ukisahau. Hii inakata mchezo wa yule "rafiki" anayekuandikia kwamba kuna namba imekuja kwako kwa bahati mbaya naomba nitumie, na inakata pia mwizi aliyechomoa laini akaiweka kwenye simu nyingine ili akope hela kwa ndugu zako kwa jina lako. Inachukua chini ya dakika mbili. Na msiweke tarehe ya kuzaliwa, najua tarakimu sita zinatosha siku, mwezi na mwaka, na najua mlishaanza kuiandika.